Selina Alivyolisafisha Gari la Luhaga

Miaka ile ya tisini, kila kitu kilipokuwa ruksa, magari yaliyotumika Japani yalianza kumiminika Mwanza. Mtu uliyemzoea na baiskeli, mara unamwona ana Corolla. Na magari hayo mengi yalikuja na harufu ya sigara ya mmiliki wa kwanza, mtu wa huko mbali ambaye hakuna atakayemjua mpaka kiama. Unanunua gari linang'aa, unafungua mlango kwa mbwembwe, moshi wa miaka unakupokea. Ukilalamika mjini, unaambiwa neno moja tu: mpelekee Selina wa Igogo.

Uwanja wa Selina ulikuwa chini kabisa, ukishavuka reli kuelekea ziwani, penye mawe makubwa bapa yanayoshika moto tangu asubuhi. Juu ya mawe hayo ndiko alikoanika siti na mazulia ya watu. Alikuwa na kibanda cha mabati, mapipa ya maji, na mabeseni mengi yenye vitu ambavyo mtu mwingine angedhani ni vya jikoni: magadi, siki, limau, mkaa uliosagwa, na kahawa mbichi kutoka Bukoba.

Waosha magari wengine wa pale ziwani walikuwa na njia yao. Wanapiga sabuni nje, wanamwaga pafyumu ndani, wananing'iniza kimti cha karatasi chenye harufu ya nanasi kwenye kioo, mteja anaondoka anachekelea. Jua likiwaka kidogo tu, harufu inarudi, tena safari hii imeoana na nanasi, balaa tupu. Selina alikuwa akiwaona anasonya. "Mnaosha au mnapaka marashi maiti?" alikuwa akiwauliza, na hawakumpenda kwa hilo.

Yeye alikuwa analivua gari. Siti zote zinatoka, mazulia yanatoka, mikanda inavutwa mpaka mwisho kwa sababu moshi hujificha kwenye ile sehemu inayojikunja ndani. Siti anazisugua kwa magadi, plastiki anazifuta kwa siki. Lakini alikuwa akisema kila siku kwamba siti tunazisingizia tu. Moshi hupanda juu. Unakaa kwenye kitambaa cha dari, na unaingia kwenye matundu ya dashibodi, kule feni inakopulizia hewa. Usipovisafisha hivyo viwili, umecheza. Dari alikuwa akiifuta kwa kitambaa kilichokamuliwa haswa, maana maji yakizidi gundi inaachia. Matundu aliyaingiza waya uliofungwa pamba, akachokonoa, akatoa, akachokonoa tena. Kisha anaweka mabeseni ya mkaa na kahawa ndani, anafunga milango, gari linalala hivyo. Mwisho kabisa anaingia mwenyewe, anapandisha vioo vyote, anakaa juani jasho linamtiririka, ananusa. Akisema limepona, limepona.

Watu walidhani anapenda kazi. Hapana. Selina alikuwa anaichukia ile harufu kwa chuki ambayo mtu huwa nayo kwa mtu. Na mtu huyo alikuwepo, alikuwa na jina, na alikuwa anaishi mji huo huo.

Alipokuwa msichana, Selina alifanya kazi kwenye shirika moja la umma lililokuwa linanunua pamba. Kazi yake ilikuwa kusafisha magari ya ofisi kabla wakubwa hawajafika. Mkuu wa usafirishaji aliitwa Luhaga, mwanaume mrefu, mtanashati, shemasi kanisani, mwenye sauti ya kuombea wagonjwa. Peugeot ya meneja ilikuwa chini yake, na jioni alikuwa akiizungusha huko anakojua mwenyewe. Asubuhi moja meneja aliingia kwenye gari akakuta siti ya nyuma imetobolewa na moto wa sigara, na vipisi viwili chini ya zulia. Meneja alikuwa mkali, na mtu alipaswa kufukuzwa siku hiyo hiyo. Luhaga hakuhema hata mara moja. Alisema, "Ni huyu binti. Huwa anajifungia humo asubuhi anavuta. Nimemwonya mara nyingi."

Selina alidhani watu watacheka. Yeye, avute? Walikuwa wanasali pamoja, yeye na Luhaga, kanisa moja dogo la waumini wa Sabato, ambako sigara ni jambo la kukuondoa kwenye ushirika bila mjadala mrefu. Lakini bibi yake aliyemlea, Msukuma wa Magu wa zamani ambaye hakuwahi kubatizwa, alikuwa anavuta kiko mchana kweupe mbele ya nyumba, na kila mtu alimjua. Ikatosha. Wakasema limo kwenye damu. Kikao cha washiriki kikakaa, Luhaga akasimama akatoa ushahidi huku macho yamemlowa, yule mnafiki, kana kwamba anamzika dada yake. Mikono ikainuliwa. Mingi kabisa. Selina aliiangalia yote, na mmoja wao ulikuwa mkono wa Maige, kijana aliyekuwa amekwisha kupeleka posa kwa bibi yake.

Maige aliuinua nusu, lakini aliuinua. Posa ikafa palepale. Bibi alikufa mwaka uliofuata akiwa bado anajilaumu kwa kiko chake, na hilo ndilo Selina hakulimeza kamwe. Kazi alipata nyingine. Hata kuzomewa sokoni kulikwisha. Lakini bibi alikufa anaamini kwamba yeye ndiye aliyemharibia mjukuu wake maisha, na mwongo mwenyewe anaimba kwaya.

Tangu hapo Selina hakutaka kitu kingine duniani: Luhaga asimame mbele ya watu wale wale, na mdomo wake ule ule useme kwamba Selina hakuvuta. Aliomba. Alikwenda kwa mchungaji wa wakati ule akaambiwa asamehe. Alimvizia Luhaga barabarani, Luhaga akapandisha kioo bila hata kumtazama. Miaka ikapita, shirika likabinafsishwa, wafanyakazi wakapunguzwa, na Luhaga, watu wa namna hiyo hawazami, akaibukia kwenye biashara ya minofu ya sangara. Akanenepa, akajenga, akaagiza Mark II nyeupe.

Sasa sikilizeni. Wiki ya makambi ilikuwa imefika, ile wiki ya kila mwaka ambayo waumini wa makanisa yote ya jirani hukusanyika chini ya maturubai, wakaimba na kuhubiriwa mpaka Sabato ya kufunga. Alhamisi asubuhi Selina alikuwa anageuza mazulia juu ya mawe. Mark II nyeupe ikateremka taratibu, ikasimama. Akashuka Luhaga.

Selina aliliachia zulia alilokuwa ameshika. Alisubiri Luhaga ashtuke. Hakushtuka. Ya nini ashtuke? Selina wa zamani alikuwa kijisichana chembamba ndani ya ovaroli la bluu, na wakubwa hawakuwa na kawaida ya kuwatazama usoni watu wanaowafutia magari. Huyu mbele yake, baada ya miaka yote hiyo, alikuwa mama mnene, kilemba kichwani, mikono imekauka kwa magadi, na akina Selina Mwanza ni wengi.

"Shikamoo, mzee," Selina alisema.

"Marahaba, mama. Ndiye wewe wa kutoa harufu za magari? Nimesikia sifa zako."

"Ndiye mimi."

"Basi nisaidie. Gari zuri hili, lakini huyo Mjapani aliyekuwa nalo alikuwa mvutaji hatari. Mke wangu anakohoa kila tukitoka." Akaonyesha ndani. Mwanamke aliyevaa vizuri alikuwa amekaa kiti cha mbele, Paskazia, mkewe, anaangalia ziwani kana kwamba mazungumzo hayamhusu. "Sisi ni watu wa kanisa, mama, sigara hatuijui hata inashikwaje. Na Sabato hii nambeba Mchungaji Yeremia, mgeni kutoka Musoma, nampeleka uwanja wa makambi. Siku hiyo hiyo mimi nawekewa mikono kuwa mzee wa kanisa. Unaona mwenyewe, haiwezekani aingie kwenye gari linalonuka hivi."

"Haiwezekani kabisa," Selina alisema. "Niachie. Ijumaa jioni uje."

Walipoondoka, alikaa kwanza kwenye jiwe. Mzee wa kanisa! Huyu! Alicheka peke yake, kicheko kibaya ambacho hata jirani yake aliyekuwa anaosha lori aligeuka kumtazama.

Kisha akaanza kazi, na gari likaanza kusema. Kisahani cha majivu kilikuwa safi, kimejaa pipi za mnanaa. Chini ya siti ya dereva hapakuwa na kitu. Luhaga alikuwa amejifunza tangu enzi za Peugeot. Lakini dari juu ya kichwa cha dereva ilikuwa imegeuka rangi ya chai, wakati juu ya siti nyingine zote ilikuwa bado nyeupe. Na Selina alipomulika tochi kwenye matundu ya dashibodi, yale ya chini ya kioo cha mbele, aliona majivu. Mengi. Mtu alikuwa anajifungia humo, vioo juu ili wenzake wa kanisani wasimwone, na kwa kuwa kisahani kingemfichua, alikuwa anakung'utia majivu kwenye matundu akidhani yanakwenda kupotelea huko; ni dhahiri feni hakuwa akiiwasha. Alichokonoa kwa waya, akatoa kijipande cha karatasi ya sigara kimeandikwa Sportsman, sigara ya hapa hapa nyumbani.

"Mjapani mwenyewe anavuta Sportsman," Selina alisema kwa sauti. "Lo! Mtu mzima hovyo."

Pale pale alijua atakachofanya. Siti alizisugua kama siti za harusi. Mazulia yaliosheka mpaka rangi yake ya kwanza ikarudi. Mikanda, milango, buti, kila kitu. Dari aliipitia juu juu tu kwa maji ya limau, akaiacha na unyevu kidogo, maana moshi wa zamani ukilowanishwa bila kutolewa huamka vizuri. Matundu hakuyagusa tena. Hakuongeza hata chembe moja ya jivu, mtanielewa, hakumsingizia mtu. Alikiacha alichokikuta.

Ijumaa mchana alipandisha vioo akaingia kunusa, kama kawaida yake. Jua lilikuwa kali. Haikuchukua muda, harufu ikashuka kutoka juu, nzito, chungu, Luhaga mtupu. Siku nyingine zote angelianza upya. Siku hiyo alifungua mlango, akalisukuma gari kivulini likapoa, akajisikia raha ambayo hakuwa ameijua kwa miaka mingi. Wacha nisiseme uongo kumpendezesha mtu: ilikuwa raha.

Luhaga alikuja jioni, upepo wa ziwa unavuma, kila mlango umefunguliwa. Aliingiza kichwa akanusa limau.

"Safi! Safi sana! Mungu akubariki, mama."

"Amina, mzee. Kesho msifungue vioo sana, vumbi la huko makambini litawaharibia siti."

Sabato asubuhi Selina alioga, akavaa kitenge chake kizuri, akaenda uwanja wa makambi, nje kidogo ya mji kwa njia ya Magu. Hakuwa amekanyaga kwenye mkusanyiko wa watu wale tangu walipomwondoa. Alikaa pembeni, kwenye jiwe nje ya turubai, miongoni mwa akina mama wenye watoto wachanga. Alimwona Maige. Alikuwa kwenye kwaya, upande wa besi, na mtoto wa miaka kama saba alikuwa anamvuta suruali kutoka mstari wa mbele. Watoto wengine watatu walikuwa wamekaa na mkewe. Selina aliwaangalia wale watoto mmoja mmoja, kwa muda mrefu kuliko ilivyofaa.

Gari lilipotokea barabarani, kwaya ilikuwa imekwisha kujipanga kumpokea mgeni. Yaliyotokea ndani ya gari yalisimuliwa baadaye na Paskazia mwenyewe. Kwamba walimchukua mchungaji mzee, wakampa kiti cha mbele, yeye na mtoto wao Nice wakakaa nyuma. Kwamba vumbi lilikuwa jingi, vioo vikapandishwa, na watu wanne ndani ya gari kwenye jua lile walianza kuiva. Mchungaji alikohoa, akakunja uso, akanusa, akavumilia kama mgeni. Baadaye akauliza kwa upole, kwani feni haifanyi kazi? Luhaga, kwa madaha, akaiwasha mpaka mwisho.

Gari lilisimama mbele ya kwaya milango ya mbele ikiwa tayari imefunguka. Mchungaji Yeremia alitoka anakohoa mpaka machozi. Shati lake jeupe, tai yake, ndevu zake za mvi, vyote vilikuwa na majivu. Nyuma yake harufu ilitoka ikawafikia watu wa mstari wa mbele, na hapakuwa na mtu mzima pale aliyehitaji kuambiwa ni harufu ya nini. Wimbo ulikatika katikati.

Selina alijishika mdomo. Alitaka kupiga vigelegele.

Basi Luhaga akashuka. Na hapa ndipo unapomjua mtu mwenye macho makavu. Alijifuta majivu begani, akainua mikono, na ile sauti yake ya kuombea wagonjwa ikatoka: "Mnisamehe, ndugu zangu. Mnisamehe. Gari nilimwachia mwanamke mmoja Igogo alisafishe. Kumbe alikuwa anajifungia humo anavuta! Siku mbili zote! Ona alivyomfanya mtumishi wa Mungu."

"Mwanamke wa Igogo?" bibi mmoja alidakia kutoka chini ya turubai. "Wa kuosha magari? Si ndiye Selina yule? Yule tuliyemwondoa kwa sigara?"

Jina likapita mdomo hadi mdomo. Selina, Selina, ndiye yule. Na Luhaga, Selina alimwona waziwazi, alishtuka kidogo, akakumbuka, halafu uso ukamnawiri. Alikuwa amepewa zawadi ambayo hakuitegemea.

"Ndiye huyo!" alisema. "Mnaona? Mimi hata sikumtambua. Tabia haijamtoka mpaka leo."

Uongo ule ule. Neno kwa neno. Selina alikuwa amemtegea mtu mtego, na mtu huyo ameuchukua mtego amemvisha yeye mwenyewe, mbele ya watu wale wale, na walikuwa wanaamini! Aliona vichwa vikitikisika. Aliona Maige anaangalia chini. Ilimjia kwamba atakufa kama bibi yake, jina lake likiwa limeunguzwa mara mbili na kiberiti kimoja. Akasimama. Hakujua atasema nini, lakini alisimama juu ya lile jiwe ili waone vizuri wanayemhukumu.

"Nipo hapa," alisema. "Semeni nikisikia."

Watu waligeuka. Akina mama wakavuta watoto wao. Kabla Luhaga hajafungua mdomo tena, mlango wa nyuma wa gari ukafunguliwa, akatoka Paskazia. Alikuwa na majivu kwenye nywele. Hakupaza sauti.

"Baba Nice," alimwambia mumewe, "mimi uliniambia ni Mjapani."

Luhaga akamgeukia. "Mama Nice, nyamaza."

"Tangu gari limekuja, kila siku ni Mjapani. Leo ni huyu mama. Kabla ya hili gari, mashati yako yalikuwa yananuka, ukaniambia ni dereva wa ofisini. Nafua mimi mashati hayo." Sauti ilianza kumkatika. "Ulitaka uwekewe mikono leo, mbele ya mtoto wako, na mimi nimekaa pale nasema amina? Siwezi. Nimechoka kukohoa."

Luhaga alimwangalia mkewe, akamwangalia mchungaji, akawaangalia wazee wa kanisa waliokuwa wamepanga viti vyao kwa ajili yake. Hakuna aliyemsaidia. Akapiga magoti kwenye vumbi, na suti yake nzima.

"Navuta," alisema. "Navuta, ndugu zangu. Tangu ujana. Nimeshindwa kuacha. Niombeeni."

Na sasa niambieni kama nyinyi mlidhani itakuwa hivi, maana Selina hakudhani. Watu walianza kulia. Si kwa hasira, kwa huruma! Mzee mmoja akamwendea Luhaga akamkumbatia, mwingine akafuata. Kwaya ikaanza wimbo wa toba, taratibu, mpaka turubai zima likawa linaimba. Mchungaji Yeremia, majivu bado yako ndevuni, aliweka mkono kichwani mwa Luhaga akasema mbinguni leo kuna furaha. Mzee mwingine akasema kuwekewa mikono kutasubiri kidogo, mpaka ndugu apate nguvu. Kidogo! Selina alifukuzwa kwa vipisi visivyo vyake akapoteza kila kitu, na huyu mwenye vipisi anakumbatiwa, anaimbiwa, anaahidiwa uzee wake kiporo.

Na kuhusu Selina, hakuna aliyesema neno. Hata mmoja. Alikuwa bado amesimama juu ya jiwe lake, na walikuwa wamemsahau.

"Kuna mwingine?" Mchungaji aliita, sauti imejaa. "Kuna mwingine leo mwenye mzigo, aje mbele?"

Selina akateremka kwenye jiwe akaenda mbele. Watu walimpisha. Akina mama walipomwona wakaanza kupiga makofi, "Amina! Amina! Dada anarudi nyumbani!" Mmoja wao alikuwa yule bibi aliyelitaja jina lake. Mchungaji akamfungulia mikono.

"Karibu, binti yangu. Unakuja kutubu?"

"Hapana," Selina alisema. "Nimekuja kumuuliza mtu swali." Akamgeukia Luhaga aliyekuwa bado magotini, kitambaa cha mtu machoni. "Wewe Luhaga. Peugeot ya meneja. Nani alivuta?"

Makofi yakafa. Luhaga aliinama.

"Dada," mzee mmoja alisema, "mwenzio ameshatubu, tusifukue…"

"Sijakuuliza wewe. Nilipoondolewa wewe ulikuwepo, na mkono ulinyoosha. Nyamaza mpaka asikike." Selina hakuwa anapiga kelele. "Nani alivuta, Luhaga?"

"Mimi," Luhaga alisema, uso ardhini.

"Hawasikii kule nyuma."

Akainua uso. Ulikuwa umevimba, umepakwa vumbi na machozi. "Nilivuta mimi. Selina hakuvuta. Hakuwahi kuvuta. Nilimsingizia."

Ilikuwa imetoka. Kwa mdomo ule ule, kwa watu wale wale. Selina alisubiri kitu kipasuke ndani yake, furaha au kilio, na kilichokuja ni uchovu tu. Kule kwenye kwaya Maige alikuwa amefunika uso kwa mikono yote miwili, na yule mtoto anamuuliza kitu. Bibi yake hakuwepo kusikia.

Watu walianza tena kulia, safari hii kwa ajili yake. Mchungaji alimshika Selina bega, akamsimamisha Luhaga, akawaweka uso kwa uso. "Bwana asifiwe! Leo ukweli umekuja. Sasa, binti yangu, mpe ndugu yako mkono, umsamehe, tumalize makambi yetu kwa amani."

Luhaga alinyoosha mkono. Uwanja mzima ulikuwa unasubiri, kwaya imevuta pumzi tayari kuanza. Selina aliuangalia ule mkono, vidole viwili rangi ya chai, na wake ukabaki ndani ya kitenge.

"Hayo majivu yaliyokumwagikia, mchungaji," alisema, "niliyaona tangu Alhamisi. Kuyatoa najua, ndiyo kazi yangu. Niliyaacha makusudi. Nilitaka yamwagike."

Mchungaji alitoa mkono begani mwake. "Binti yangu," alisema kwa huzuni, "na hiyo nayo ni dhambi."

"Najua, mchungaji. Hiyo nitaitubu." Selina alikaza kitenge chake kiunoni, akamtazama Luhaga kwa mara ya mwisho. "Lakini si leo."